Vidonge Kwenye Kopo la Vitamini

4 Machi

Basi, kama nilivyokuwa nasema jana kabla kalamu haijaniishia wino, mume wangu hakati kioo kama watu wengine. Wengine wanakikata kama wanagombana nacho. Yeye anakilaza mezani, anakipangusa kwa kiganja, anapitisha almasi ya kukatia mara moja tu, na kale kamlio kembamba kanapenya mpaka kwenye meno. Halafu anakigonga kwa chini, tak, kinaachana vipande viwili kana kwamba kilikuwa kinasubiri ruhusa. Mimi nasimama mlangoni na kikombe chake cha chai, chai inapoa, natazama mikono. Wiki tano za ndoa na bado natazama mikono.

Mvua imeanza leo. Paa la karakana ni la bati, ikinyesha hatusikilizani, tunazungumza kwa ishara. Amenionyesha kwa rula kwamba ananipenda kuanzia pale alipo mpaka ukutani. Nikamwonyesha kwamba ukuta uko karibu mno. Akaenda akafungua mlango.

5 Machi

Mvua. Nguo hazikauki na sijali.

7 Machi

Nataka kuieleza nyumba hii vizuri ili nikizeeka nisome nikumbuke. Mbele ni karakana, yenye meza ndefu iliyotandikwa zulia kuukuu ili vioo visipate mikwaruzo, na vioo vyenyewe vimesimama ukutani kama vitabu. Nyuma kuna vyumba viwili na jiko. Chumba kimoja ni chetu. Kingine ni cha Mama, yaani mama mkwe wangu, ambaye kabla ya harusi nilitishwa sana habari zake, nikaja kukuta mtu wa utani kutwa. Mama ana kisukari. Hatuna friji, kwa hiyo vichupa vyake vya insulini vinakaa kwenye chungu chenye mchanga mbichi pembeni mwa jiko. Kila asubuhi na kila jioni anakunja gauni na kujichoma tumboni huku hadithi yake ikiendelea bila kukatika. Na kwa kuwa yeye sukari amekatazwa, chai yangu anaitia vijiko vinne. "Kunywa, mwanangu," ananiambia, "uninywee na mimi." Kisha anakaa ananitazama nikimeza, mpaka anafumba macho.

Nina siri moja tu kwa mume wangu, na nitaiandika hapa ili isinisonge. Wiki tatu kabla ya harusi moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio hata nikiwa nimelala, mikono inatetemeka, shingo imeanza kujaa kwa mbele. Nilidhani ni mapenzi. Daktari wa kliniki akasema si mapenzi, ni tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Akanipa vidonge vya kuituliza, vya kumeza kila asubuhi, akanionya nikipata homa au koo likiuma nirudi haraka. Shangazi aliyenisindikiza akaninong'oneza njiani kwamba nisiingie kwenye ndoa na faili la hospitali mkononi, wakwe watasema wameletewa mzigo mbovu. Nikavimimina kwenye kopo la vitamini. Kopo linakaa dirishani, hadharani kabisa. Mfuniko wake ni mgumu, kwa hiyo kila asubuhi mume wangu ndiye anayenifungulia, kisha ananibusu na kuniita mpenda afya. Moyo umetulia, mikono imetulia. Ni siri ndogo mno kuharibu chochote.

11 Machi

Nimemng'ata mume wangu.

Sicheki, ingawa yeye amecheka mpaka amekaa chini. Anasema alinigusa bega alfajiri kuniamsha, nikaushika mkono wake kama mtu anayepokea zawadi, nikaupeleka mdomoni na kuuma. Alama za meno yangu zimezunguka kifundo chake kama bangili. Mimi nakumbuka tu kwamba shuka lilikuwa limelowa jasho na kwamba Mama alikuwa ameinama juu yangu na kikombe. Nilipomaliza chai dunia ikarudi mahali pake.

Sasa ananiita Bondia. Amewaonyesha wateja wawili ile bangili na kuwaambia ndiyo mahari aliyorudishiwa. Nimemkanya, nimembusu palepale penye alama, na kwa kweli mchana kutwa nimejisikia fahari kidogo. Mungu anisamehe.

13 Machi

Leo amenikatia kioo kidogo cha mviringo, akakizungushia fremu mwenyewe, ili nijitazame nikiwa jikoni. Nimejitazama. Nimependeza, nimenenepa mashavu. Nina njaa ya ajabu siku hizi, naona Mama anaanza kuhesabu miezi vidoleni.

16 Machi

Kichwa kizito asubuhi. Chai, kikaisha.

19 Machi

Nayaandika haya kama nilivyosimuliwa.

Asubuhi nilikunywa chai ya Mama na mkate, nikaoga, nikaimba. Saa nne alikuja mwalimu mmoja kuchukua kioo chake cha kabati, kikubwa, kirefu kuliko mimi. Akasema upande mmoja haukusuguliwa vizuri. Mume wangu anasema nilikuwa nimeshika fagio na nikatabasamu. Kisha nikaweka fagio chini taratibu, nikachukua nyundo mezani na kukipiga kile kioo katikati. Mwalimu aliruka. Nikapiga tena kilichobaki kwenye fremu, nikapiga tena vilivyoanguka chini, nikipiga magoti juu ya vipande bila kuhisi. Mwalimu aliponishika mkono aniinue nilimzaba kofi ambalo, mume wangu anasema, lilisikika juu ya mvua.

Ninachokumbuka ni utamu mdomoni. Mama ameshika taya langu na kunimiminia chai, mume wangu amenikumbatia kwa nyuma amenifunga mikono, na magoti yangu yanavuja damu kwenye zulia. Nilikuwa natetemeka kama kuku aliyemwagiwa maji. Niliuliza nani amevunja kioo.

Mume wangu akamwambia mwalimu kwamba kioo kiliteleza, samahani sana, atamtengenezea kingine kesho. Mwalimu alikuwa ameshika shavu. Akauliza kwa upole, "Na kofi nalo liliteleza, fundi?"

Jioni mume wangu amekaa na kibanio cha nyusi akinitoa vipande magotini kimoja kimoja, anakipuliza kila kidonda. Nimemwambia twende hospitali. Amesema tutakwenda, ngoja mvua ipungue. Najua mvua siyo sababu. Mwanaume gani anataka kupanga foleni akaeleze kwamba anapigwa na bibi harusi?

20 Machi

Amekata kioo kipya cha mwalimu. Sikusimama mlangoni. Nilikaa jikoni nimekalia mikono yangu.

27 Machi

Jicho la mume wangu la kushoto limefumba. Nilimpiga na rula ya chuma, ile ya mita moja. Ilikuwa saa sita kasoro, na sijui alikuwa amekosa nini, naye anasema hakukosa chochote, aliniuliza tu kama ninataka kula. Nilimpiga usoni, nikampiga shingoni. Alipoanguka nikaendelea kumpiga mgongoni, nikihesabu kwa sauti kama ninayepima dirisha. Mama ndiye aliyenipiga kikumbo nikaangukia magunia. Mzee wa watu, pumzi zinampanda, huku anatafuta bakuli la sukari.

Wateja wanaambiwa fremu ilimwangukia.

Mikono yangu ina michubuko myeusi pale anaponishika kunizuia, vidole vyake vinne na kidole gumba, kila upande. Nimeiweka mikono yangu karibu na jicho lake mbele ya kile kioo cha jikoni, nikatutazama. Tumeoana siku hamsini na saba. Ninampenda kiasi kwamba akitoka kwenda dukani nasikia baridi, na ninaogopa kwamba siku moja nitazinduka na kikombe mdomoni nikiwa nimemuua. Ndivyo ilivyo, nimeiandika.

29 Machi

Kaka yangu amekuja kunitembelea. Ni mchomelea vyuma, mtaani wanamwita Tingatinga, na tangu baba afariki yeye ndiye baba. Nilivaa mikono mirefu. Nilipomwekea chai mkono ukapanda, akaona.

Hakupaza sauti. Aliweka kikombe chini na kusema, "Shemeji, toka nje kidogo tuongee." Mume wangu akatoka. Akajua anakwenda kupigwa, akatoka, na hakuondoa mikono mifukoni.

Nilifika nje yuko kwenye tope. Kaka amemkalia kifuani anampiga kwa ngumi zile zinazokunja nondo, mvua inanyesha juu yao wote wawili, na mume wangu anageuza uso kulia, kushoto, bila kujikinga. Nilining'inia shingoni kwa kaka. Nilipiga kelele kwamba ni mimi, mimi ndiye ninayempiga, hiyo michubuko ni ya kunizuia. Kaka akanitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko kofi. "Dada," akasema, "wote wanaopigwa huwa wanasema ni wao."

Jino la mbele la mume wangu limetoka. Mama amelipata kwenye tope akalisuuza, akaliweka kwenye kijaluba kana kwamba tutalirudisha. Kaka ameondoka akisema atakuwa anapita kila Jumapili kuhesabu alama.

Nimemuuliza mume wangu kwa nini hakumwambia ukweli. Amesema kwa ile sauti mpya ya pengo, inayotoa upepo, kwamba afadhali aonekane katili kuliko mimi nionekane mwehu.

2 Aprili

Mvua haikatiki. Ukuta wa chumbani unatoa ukungu. Hatuzungumzi sana, tunashikana tu mikono. Naendelea na vidonge vyangu bila kukosa hata siku moja. Angalau moyo umetulia, kitu kimoja ndani yangu bado kinanitii.

5 Aprili

Alfajiri nimepiga teke mlango mpaka bawaba moja ikang'oka. Mama amenizidishia sukari, sasa ni vijiko sita. Anasema anaona nikipata kitu kitamu ndiyo narudi. Saa tatu baadaye nikazimika tena.

10 Aprili

Niko wodini, kitanda cha dirishani. Nimeomba kalamu kwa nesi.

Jana mchana mume wangu alikuwa anakata vioo vya dirisha vya shule. Mimi nilikuwa nafagia vipande. Najua nilifagia kwa sababu nakumbuka nilivyokuwa nikivipenda vile vipande, vya kijani kwa pembeni. Kinachofuata ni cha kusimuliwa.

Nilichagua kimoja kirefu. Nilikishika kama kisu, kwa kukibana kwa kiganja kitupu, ndiyo maana kiganja changu cha kulia kina nyuzi kumi na moja. Nilimwendea kwa nyuma. Aliniona kwenye kioo alichokuwa anakikata, akageuka na kuinua mkono, nami nikamchana kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kifundo. Damu iliruka mpaka kwenye bati. Nikarudia, nikampata begani. Alinisukuma nikaangukia vioo vilivyosimama ukutani, vikaanguka vyote, kimoja baada ya kingine, mtaa mzima ukatoka nje. Nilikuwa nimelala katikati ya vioo nikicheka, kisha mwili ukaanza kukakamaa na kuruka. Majirani walituleta pamoja kwenye gari moja, yeye amefungwa mkono kwa zulia la mezani, mimi nimefungwa miguu kwa kamba.

Hapa wakanichoma kidole. Sukari ilikuwa moja nukta nane, wakati ya mtu mzima haishuki chini ya nne. Nesi alidhani mashine imeharibika, akapima tena. Wakanitia sukari kwenye mshipa, nikafumbua macho, nikauliza mume wangu yuko wapi. Alikuwa kitanda cha pili anashonwa, akaniambia kwa ile sauti ya pengo, "Niko hapa, Bondia." Nililia mpaka nikatapika.

Daktari kijana alikuja na faili. Akaniuliza kama nina kisukari, nikasema sina. Kama kuna dawa yoyote ninayotumia. Mume wangu alikuwa ananitazama, mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, damu imepenya. Nikasema hapana.

Nimeisema hapana hiyo kwa sekunde moja tu.

Leo asubuhi majibu ya damu yametoka. Daktari kijana amesema insulini iliyomo mwilini mwangu ni nyingi kupita kiasi, mamia ya mara, na kwamba hajawahi kuiona namba ya namna hiyo kwa mtu ambaye hachomwi sindano. Akauliza taratibu, "Nyumbani kwenu kuna mtu anayejichoma insulini?"

 Mume wangu aliangalia chini, na nikaona rangi ikimtoka. Lakini kaka yangu, anayekijua kile chungu cha Mama, alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji aliyoniletea. Akauliza chai yangu hutengenezwa na nani. Akauliza ninazimika saa ngapi baada ya kuinywa. Mimi mwenyewe ndiye niliyejibu, mimi mwenyewe, nikishangaa jinsi hesabu ilivyokaa sawa: chai saa moja, kuzimika saa nne. Chai saa tatu, kuzimika saa sita. Daktari akasema insulini hainyweki, ikinywewa haifanyi kitu. Kaka alikuwa ameshaweka uji chini ameondoka.

11 Aprili

Kaka amevunja chungu. Ameingia jikoni, amekiinua na kukipiga sakafuni, akakanyaga vichupa vyote kwa buti za kazini mpaka vikawa unga. Mama alipomshika shati alimsukuma, kichwa kikagonga ukingo wa meza. Akamtupia nguo zake nje kwenye mvua, akamwambia mbele ya mtaa mzima kwamba ni muuaji, kwamba anamchoma mkwewe akiwa usingizini. Mama ameondoka kwa miguu kwenda kwa mdogo wake na damu kwenye nyusi. Mume wangu alikuwa hapa wodini na mimi. Alipopata habari hakwenda kumtafuta. Amekaa tu.

Na mimi je? Niandike ukweli, si ndiyo kazi ya daftari. Nimeamini. Nimelala hapa nikikumbuka anavyofumba macho nikimeza, na nimemchukia yule mama kwa nguvu zangu zote. Nimemwona akiingia chumbani kwetu na sindano. Nimeiona sindano. Ninaiona hata sasa hivi, na haijawahi kuwepo.

13 Aprili

Jana saa nne na nusu asubuhi, humu wodini, mbali na Mama na mbali na chai yake, nilikula mkate wa hospitali na juisi, na saa tatu baadaye nikang'oa nguzo ya dripu na kumpiga nayo nesi. Nilimpasua mdomo. Ilibidi wanaume watatu wanilalie.

Leo amekuja daktari mwingine, mwanamke mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Hakuanza na maswali. Alinipapasa shingo, kwa mbele, taratibu, huku amenikazia macho. Kisha akasema kipimo cha pili kimeonyesha insulini hii haikutoka kwenye chupa yoyote, imetengenezwa na mwili wangu mwenyewe. Hakuna mtu aliyenichoma. "Sasa nitakuuliza mara moja tu kuhusu dawa," akasema. "Mumeo anaweza kutoka nje. Chagua wewe."

Nilimtazama mume wangu. Jicho lake bado lina manjano, jino hamna, mkono umefungwa. Kama ningemtoa nje angetoka, kama alivyotoka siku ile na kaka. Nikasema abaki. Nikasema nina tezi ya shingo, natumia vidonge tangu wiki tatu kabla ya harusi, viko kwenye kopo la vitamini dirishani.

Daktari akavuta kiti. Akaeleza kwamba vidonge vile ni dawa nzuri na watu wengi sana wanavimeza bila tatizo. Ila kwa wachache mno, yeye mwenyewe ameona mmoja tu kabla yangu, mwili unachanganyikiwa kwa sababu ya vidonge hivyo na kuanza kutengeneza askari wa kuikamata insulini. Nikila kitu kitamu insulini inamwagika nyingi, askari wanaikamata na kuishikilia, halafu baada ya saa mbili tatu, au alfajiri tumbo likiwa tupu, wanaiachia yote kwa mpigo. Sukari inaanguka shimoni na ubongo unabaki bila chakula. Ubongo wenye njaa hauna adabu, alisema, unapiga. Chai ya Mama ilikuwa inaniokoa na papo hapo inapanda mbegu ya balaa linalofuata. Hakuwa na namna ya kujua. Hakuna aliyekuwa na namna ya kujua, isipokuwa mimi.

Vidonge vimesimamishwa leo. Nitakula kidogo kidogo mara sita kwa siku, bila sukari, na tezi itafanyiwa upasuaji nikishatulia.

Daktari alipotoka, mume wangu alikwenda kusimama dirishani. Nilidhani atanipiga. Ningefurahi, kwa kweli. Akasema bila kugeuka, "Siku tatu nimemwona mama yangu muuaji. Siku tatu nzima. Na lile kopo nalifungua mimi kila asubuhi kwa mkono wangu."

Akachukua koti, akaenda.

14 Aprili

Hajaja.

15 Aprili

Hajaja. Kaka amekuja badala yake, ameketi ukingoni mwa kitanda na mikono yake mikubwa mapajani. Mama hakuwa na chupa hata moja alipofika kwa mdogo wake, na kwa aibu hakusema. Alikaa siku mbili bila sindano. Wamemkuta anatapika, anahema kama aliyekimbia, hajui leo ni lini. Amelazwa hospitali ya upande wa pili wa mji, mume wangu yuko naye.

Kaka aliuliza, "Ulijua una vidonge, dada, siku ile daktari alipokuuliza?" Nikasema nilijua. Akajipiga ngumi ya paja, mara moja, kwa nguvu. Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

18 Aprili

Mama amezinduka. Nimeambiwa na nesi niliyempasua mdomo, ambaye alipiga simu kule kwa hiari yake. Nyuzi zake za mdomoni ni tatu. Amesema mumewe anamtania kwamba sasa anaongea kidogo.

21 Aprili

Mume wangu amekuja kunichukua. Kaka naye alikuwa amekuja, wakakutana kwenye korido mbele yangu. Mume wangu aliweka begi langu chini, akamwendea na kumpiga ngumi moja ya mdomo kwa ule mkono mzima. Kaka ni mara mbili ya mwili wake. Alirudi nyuma hatua moja, akatia mikono mifukoni, akasimama vizuri tena ili apigwe ya pili. Mume wangu alikunja ngumi, akaiinua, akaishusha. "Ile ilikuwa ya Mama," akasema. Kaka akafuta damu, akasema, "Ya kwako bado, shemeji. Chukua siku ukitaka." Kisha akalibeba begi langu mpaka nje.

22 Aprili

Nyumba ina mwangwi. Nimeokota vipande vya chungu chini ya meza, na unga wa vichupa bado umo kwenye nyufa za sakafu, unang'aa. Mume wangu analala karakana juu ya meza ya kukatia. Hajasema neno baya. Ananipimia chakula kwa kijiko, anatazama saa, ananiletea. Naona ni sawa na kupigwa.

26 Aprili

Asubuhi jasho lilinitoka, nikaanza kumwona adui. Nilipiga ukuta, siyo yeye. Alinipa maziwa, akanishika mkono mpaka ilipopita, kisha akarudi karakana. Daktari alisema askari watachukua wiki nyingi kuisha. Bado ninampenda. Ninampenda kwa hofu, kama mtu aliyebeba kioo kikubwa barabarani.

1 Mei

Mvua imepungua. Leo amelala chumbani, kanipa mgongo. Nimeutazama huo mgongo mpaka kulipokucha, una alama mbili za rula.

6 Mei

Nimempigia Mama simu. Yuko kwa mdogo wake tangu atoke hospitali, amekataa kurudi hapa. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, mazuri, ya kuomba radhi. Nilipoisikia sauti yake karatasi yote ikafutika. Nikamwambia tu kwamba dawa ilikuwa yangu, nilijua, niliulizwa nikasema hapana, na kwamba nilimchukia siku tatu nzima.

 Nilimsikia akihema. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula, maharage kidogo na yai. Akauliza mwanawe anakula. Nikasema anakula upande mmoja kwa sababu ya jino. Hapo akacheka kidogo, akakasirika kwamba amecheka.

"Nikueleze ukweli, sijakusamehe," akasema. "Ila kukasirika kwa simu siwezi, napata kizunguzungu. Njoo nikukasirikie vizuri, nikikuona."

Nilimjibu kwamba nitakwenda peke yangu, ili yeye na mdogo wake wanipe yangu yote bila kumwonea haya mtu. Mume wangu alikuwa mezani ameinamia kioo, almasi imesimama nusu njia. Hakuinua kichwa. Alisema tutakwenda wawili, na kwamba shemeji atafuata nyuma yetu na chungu kipya, akitaka au asitake.

Nikarudi kwenye simu nikamwambia Mama hivyo hivyo: tunakuja, watatu, jino hamna na mikono imeshonwa, kabla mwezi haujaisha.